Hedifoni za redio ya ham: nimejaribu tano hapa Mtwara, nimebaki na mbili na kiboksi cha rezista

Nianze na jibu kwa wale wenye haraka. Kama una redio ya ham (zile za kuongea na watu wa mbali kwa kupenda tu, sio biashara) na unataka hedifoni usiangalie besi wala jina, tafuta ya waya, omu 60 hivi (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme), halafu tenga jero ya rezista, vile vidude vya kupunguza umeme. Imeisha hiyo. Wenye muda kaeni nawapa stori nzima, maana mi nimekula hasara mpaka nikajua.

Naishi Chikongola, redio ninazo mbili. Moja ya mezani, mtumba, ya zamani kidogo, wati 100, nzito kama gunia la korosho lililolowa. Nyingine ni Yaesu FT-817, ile ndogo ya wati 5 ya kubeba kwenye begi, inakaa na betri yake ndani. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo kabla hamjaniuliza, kusikiliza kila mtu anasikiliza lakini kurusha bila leseni ni kujitafutia matatizo. Watu wakisikia ham wanadhani nasema hamu, na kwa kweli hawajakosea sana, hii kitu ni hamu tupu, unakaa saa tatu kumsubiri mtu wa Afrika Kusini akwambie anakusikia vizuri halafu unalala na furaha.

Kilichonirudisha kwenye redio ni ile Mei 2024. Kwanza kikapita kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika huko Kilwa, kama wiki hivi baadaye nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti ikalala. Simu ipo mkononi haina kazi. Nikaishusha redio juu ya kabati nikapangusa vumbi. Sasa bendi ya megahezi 7 inachangamka jua likishazama, na jua likishazama ndo watoto wanalala, nyumba yenyewe vyumba viwili, ile shhhhhh ya redio na mtu anaongea kama bata katikati yake, mama watoto alivumilia siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Baba Nasra, chagua, redio au usingizi wangu." Nikasema sawa, natafuta hedifoni.

Ya kwanza: eafoni za simu

Kama kila mtu nikaanza na zilizopo ndani. Eafoni za simu, zile zinakuja na maiki na kitufe cha kupokelea. Nikachomeka kwenye 817. Kimya. Yaani sio kimya kabisa, kwa mbali kuna kitu kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Nikaongeza sauti, hamna. Nikachomoa, spika ya redio inaongea vizuri tu. Nikachomeka, kimya. Nikaanza kumlaumu aliyeniuzia redio.

Kwa bahati nikabonyeza kile kitufe cha kupokelea simu. Sauti ikaja yote! Nikaachia, ikapotea. Nikabonyeza, ikarudi. Usiku ule nilisikiliza saa nzima nimebana kitufe kwa kidole gumba kama mtu anaziba bomba linalovuja, mpaka kidole kikafa ganzi.

Kesho yake nikampelekea fundi pale Sabasaba, kijana mdogo tu, anatengeneza simu na sabufa. Akaangalia pini akacheka. "Bro hesabu pete nyeusi." Tatu. "Ya redio inatakiwa mbili." Kumbe pini ya eafoni za simu ina vipande vinne: kushoto, kulia, ardhi, na cha nyuma kabisa ni maiki. Tundu la redio linategemea vitatu, cha nyuma ndo ardhi. Kwa hiyo tundu langu lilikuwa linagusa maiki likidhani ni ardhi, ardhi yenyewe imebaki inaning'inia. Na ubaya wa redio zetu ni kwamba sauti ya kushoto na ya kulia ni ileile moja, sio stirio kama muziki, sasa ardhi ikikosekana umeme wa sauti hauna pa kupita, ni kama watu wawili wanasukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawasawa, mlango hausogei. Ukibonyeza kitufe unaunganisha maiki na ardhi, njia inapatikana. Kwenye muziki ungesikia walau vyombo vimebaki na mwimbaji kapotea, kwenye redio hubaki na kitu.

Fundi akakata pini akaweka ya vipande vitatu, akachukua buku mbili. Nikarudi nyumbani mbio kama mtoto aliyenunuliwa kiatu.

Hapo ndo nikajua kimya kilikuwa na nafuu. Nimechomeka, redio ikanipigia kelele masikioni nikazing'oa kichwani nikazitupa kitandani. Sauti iko karibu sifuri bado inaumiza, na ukiizima kabisa kuna shhh ya chini chini haiondoki. Kumbe 817 pale jirani na tundu kuna kiswichi kidogo kimeandikwa SP na PH, spika au hedifoni, tundu ni lilelile moja ila swichi ndo inaamua. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa anatumia spika ya nje, kaiacha SP, na mi sikusoma kitabu. Ndugu zangu wenye 817, kabla hujavaa kitu chochote sikioni cheki hiyo swichi. Nikaihamishia PH, ikapungua, ikawa ya kibinadamu, lakini shhh ilibaki na nobu ya sauti naigusa kama nafungua sefu, milimita moja kimya, mbili kelele.

Kwa nini inakuwa hivyo

Hapa naomba mnivumilie, ndo penyewe, nikiruka hapa hii rivyuu haina maana.

Watu wengi (na mi nilikuwemo) wanadhani kumechi hedifoni na redio ni kutafuta omu zilingane, redio imeandikwa omu 8 basi tafuta hedifoni ya omu 8. Sio hivyo. Omu ichukulie kama wembamba wa bomba. Spika ya omu 8 ni bomba nene, inanyonya mkondo mkubwa. Hedifoni ya omu 250 ni mrija wa soda. Amplifaya ya redio iliyozoea kusukuma kwenye bomba nene haiumii hata kidogo ukiiwekea mrija, inapumzika. Inayoumia ni ukiiwekea nene kuliko ilivyotengenezewa. Kwa hiyo kwenda juu ruhusa, kwenda chini ndo hatari.

Sasa tuseme redio inatoa volti 1 kwenye tundu. Spika ya omu 8 inakula miliwati 125. Hedifoni ya omu 32 inakula 31. Ya omu 63 inakula 16. Ya 250 inakula 4. Utasema 4 ni ndogo, hapana bana, subiri. Hedifoni nyingi za kawaida miliwati MOJA tu inatosha kutoa desibeli 95 mpaka 106, hiyo ni kelele ya kukuharibu masikio. Kusikiliza kwa amani, desibeli 76 tuseme, hedifoni ya 106 inahitaji sehemu moja ya elfu ya miliwati. Na amplifaya ya 817 imetengenezwa kutoa wati moja nzima kwenye spika. Wati moja dhidi ya sehemu moja ya elfu ya miliwati, hiyo ni mara milioni. Unachota maji ya kunywa kwa kikombe kwenye bomba la zimamoto.

Ndo maana nobu ina milimita mbili tu za kufanyia kazi. Na shhh nayo ndo hiyohiyo, kila amplifaya ina kelele yake kidogo ambayo haitegemei umeweka sauti wapi, kwenye spika huisikii, kwenye eafoni ya omu 16 iliyokaa ndani kabisa ya sikio unaisikia yote. Halafu usiku unamtafuta mtu wa wati 5 yuko Sahara huko, shhh ya amplifaya yako mwenyewe inamfunika. Kosa sio la antena.

Ya pili: ya studio, omu 250

Mpwa wangu ana kastudio kake huko Chuno, anatengeneza singeli. Nikamuazima hedifoni yake, kubwa, imefunika sikio zima, omu 250, jina nalihifadhi maana sitaki kesi. "Anko usije ukaitia jasho," akaniambia. Sawa.

Mi niliogopa haitasikika kwa sababu kila mtu anasema omu 250 lazima uwe na amplifaya yake. Kwa kompyuta au simu labda. Kwa redio ilisikika vizuri tu, na shhh ikapotea kabisa, nobu ikawa na nafasi ya kuzunguka. Kwa upande wa kumechi hii ndo ilikuwa bora kuliko zote.

Shida mbili. Ya kwanza besi. Sauti ya mtu kwenye SSB, ile njia ya kurusha maongezi tunayotumia sana kwenye ham, inaanzia hezi 300 hivi inaishia 2,700 au 3,000, chini ya hapo hakuna mtu, kuna mngurumo wa umeme tu. Redio yangu ya mezani nimeiunga kwenye pawa saplai ya kienyeji, ina kamvumo ka hezi 100 ambako kwenye spika sijawahi kukasikia toka niinunue, hedifoni ya mpwa ikakaleta mbele kabisa kama genereta la jirani. Mtu amelipa pesa nyingi apate besi nzuri, mi besi hiyo inanionyesha ubovu wa pawa saplai yangu. Ya pili ni joto. Hii ni Mtwara jamani, Desemba, saa nne usiku hakuna upepo, feni umezima kwa sababu inaleta kelele kwenye redio, umevaa vikombe viwili vya sponji na kitambaa cha manyoya masikioni. Dakika arobaini jasho linatiririka shingoni. Nilimrudishia nimeikausha juani, akanusa, akaniangalia, hakusema kitu. Sijamuazima tena kitu tangu siku hiyo.

Ya tatu: ya elfu kumi na mbili

Hii naipitia haraka. Nilinunua dukani hapa mjini, kubwa, ina rangi ya dhahabu, boksi limeandikwa omu 32. Sauti ya kawaida, shhh ipo lakini sio kama eafoni. Kilichoniudhi ni pedi, ile ngozi ya bandia, miezi minne ya jasho na hewa ya bahari ikaanza kubanduka, nikivua masikio yana magamba meusi, mtoto akaniuliza baba unaumwa nini. Lakini imenisaidia kujifunza kitu kimoja cha maana kwenye redio ya mezani.

Redio ya mezani ina tundu kubwa, lile la milimita 6.35, na ni mono. Ukichomeka hedifoni ya stirio kwa adapta ya kawaida unasikia sikio la kushoto tu, kwa sababu kipande cha kulia kwenye pini kinaenda kugusana na ardhi. Wengi wanadhani hedifoni imekufa upande. Haijafa, tundu ndo halina habari na huo upande. Hatari iko kinyume chake, ukiwa na redio yenye tundu la stirio ukachomeka pini ya mono, hapo ardhi inagusana na toleo la kulia la amplifaya, hilo ndo la kuepuka.

Fundi wangu wa Sabasaba akanitengenezea adapta. Akaniuliza, "Nikuungie sambamba au mfuatano?" Nikamuuliza tofauti. Sambamba, yaani kushoto na kulia zinaungana pamoja, omu 32 mbili zinakuwa 16. Mfuatano, mkondo unapita sikio moja kisha la pili, zinakuwa 64. Kwa mfuatano ule waya wa ardhi wa pamoja wa hedifoni hauungwi popote kwenye adapta. Nikasema niwekee mfuatano. Shhh ikapungua kwa kitu cha bure. Dogo ana akili yule, sijui anafanya nini pale kwenye kibanda.

Ya nne: Sony MDR-7506

Hii niliagiza Dar kipindi cha mauzo ya korosho, ikaja na basi, nikaenda kuipokea stendi kama napokea mgeni. Kama umewahi kuona picha za watu wa redio na filamu na mtu kavaa hedifoni nyeusi yenye mstari wa buluu, ndo hiyo. Ipo sokoni tangu 1991, haijabadilishwa sana na sioni sababu ya kuibadilisha. Omu 63, usikivu desibeli 106, waya wa kusokota ule wa kama simu ya mezani, pini ndogo ya 3.5 na adapta ya 6.35 inafungwa kwa kuzungusha, haidondoki dondoki.

Nisichokipenda kwenye muziki ndo nakipenda kwenye redio. Sauti yake ina ukali fulani pale maneno yanapokaa, s na t na k zinatoka wazi. Mtu akitaja herufi za kituo chake kwenye kelele unaweza kutofautisha. Kuna usiku nilikuwa na Mtaliano na chini yake kuna mtu mwingine dhaifu anaita, kwenye ile ya dhahabu nilikuwa nasikia kama mdudu, nikabadilisha nikavaa hii nikapata tarakimu na herufi mbili za mwisho, nikasubiri Mtaliano amalize (wale hawamalizi), nikampata. Alikuwa Kenya, 5Z, jirani kabisa, anarusha na wati chache.

Kwa kuwa ina usikivu mkubwa, omu 63 peke yake haikumaliza shhh kwenye FT-817. Hapo ndo kikaja kiboksi.

Kiboksi

Kuna mzee wangu Shangani, alifanya kazi ya redio melini enzi za Morse, zile herufi za nukta na mistari, sasa amestaafu ana Icom IC-7300 mezani, ile yenye kioo kinaonyesha bendi nzima kwa rangi. Nilienda kumsalimia nikamlalamikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bado unahangaika na hedifoni?"

"Bado mzee, nimenunua ya gharama na bado inapiga shhh."

Hakunijibu. Akavuta droo akatoa kopo la dawa ya kikohozi, la plastiki, upande mmoja lina tundu la 3.5, upande wa pili linatoka waya. Akanipa. Ndani yake kuna rezista nne tu. Kila upande, kushoto na kulia, rezista ya omu 100 sauti inapita ndani yake kwenda sikioni, halafu ya omu 10 inatoka hapo kushuka ardhini. Basi. Sauti inapungua mara kumi na kitu, desibeli 22 au 23, na kelele ya amplifaya inapungua hivyohivyo pamoja nayo, sasa unaongeza nobu mpaka inafika katikati ambako ndo ilitakiwa iwe. Redio inajiona ina mzigo wa omu zaidi ya 100 kwa kila upande, imetulia.

Na kuna faida nyingine ambayo hakuisema ila nilikuja kuigundua Februari. Kipindi cha mvua radi ikipiga huko baharini redio inapiga PAAH masikioni. Bila kiboksi na swichi ikiwa SP, 817 ikitoa nguvu zake zote ni volti 2.8 hivi, zote sikioni. Kwa kiboksi inafika 0.2. Unashtuka lakini huumii.

Vifaa nilinunua kwa fundi, rezista nne jero, robo wati inatosha kabisa, tundu na waya nilitoa kwenye hedifoni mbovu. Kopo langu ni la mafuta ya nazi. Risasi nilichomea mwenyewe, mbaya mbaya hivi lakini inashika. Kama huna hata rezista za 10, weka zile za 100 peke yake kwa kila upande, kwa hedifoni ya omu 32 inapunguza desibeli 12, sio haba.

Huyo mzee ana pia hedifoni za kizamani, za chuma na mkanda wa ngozi, omu 2,000. Nikamuuliza za nini omu zote hizo. Akasema zamani hakukuwa na amplifaya ya sauti ya kusukuma spika, hedifoni ilikuwa inaungwa moja kwa moja kwenye lampu (zile valvu za kioo za redio za zamani) au kwenye kristali, mkondo ni mdogo mno, kwa hiyo walizungusha waya mwembamba kama nywele maelfu ya mizunguko ili huohuo mkondo kidogo ufanye kazi. Yaani wao shida yao ilikuwa umeme hautoshi, sisi shida yetu umezidi. Akazichomeka kwenye 7300 akanivalisha. Zinabana kichwa kama adhabu, na sauti inatoka kama kwenye kopo, lakini Morse yake! Toni moja safi, hakuna shhh, hakuna mngurumo. Nilizivaa nusu saa kichwa kikaniuma siku mbili.

Ya tano: Koss Porta Pro

Wale Wamarekani wametoa hii mwaka 1984 na mpaka leo wanaiuza na umbo lilelile. Omu 60. Ndogo, inakunjika, sponji tu imegusa sikio haijalifunika. Hii ndo ninayoenda nayo Msangamkuu.

Jumapili navuka na kivuko, FT-817 kwenye begi, waya wa antena naurusha juu ya mnazi kwa jiwe na kamba (mwenye mnazi nampa soda, tumeshazoeana). Upepo wa bahari unapita kati ya sponji na sikio, hakuna jasho. Ubaya wake ndo huohuo uzuri, nje kunaingia, watoto wakipiga kelele unawasikia, na ukiwa nyumbani usiku aliye jirani anasikia kidogo unachosikiliza. Mama watoto anasema ni kama mbu anayejua Kiingereza. Kwa hiyo nyumbani Sony, ufukweni Koss.

Besi inayo kuliko nilivyotegemea ila 817 kwenye betri haina mngurumo wa umeme kwa hiyo hainisumbui.

Za bluutuuthi

Mtaniuliza tu. Kwa kusikiliza stori za watu sawa, unaweza. Kwa Morse sahau. Sauti inachelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde, tuseme milisekunde 200, na ukipiga Morse kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika nukta moja ni milisekunde 60. Kwa hiyo unapiga nukta mbili ndo unaisikia ya kwanza. Nilijaribu kuandika jina langu mkono ukachanganyikiwa, nikawa kama mlevi anatafuta funguo.

Jambo moja la wenye wati 100. Nikibonyeza kurusha kwenye redio ya mezani, waya ule wa Sony ulikuwa unageuka antena, nasikia sauti yangu mwenyewe imekwaruzwa masikioni, brrr brrr kila nikitamka. Kiboksi hakikusaidia. Kilichosaidia ni lile bonge jeusi la feraiti linalokaa kwenye waya wa monita za zamani za kompyuta, mafundi wanazo kibao wanatupa. Nililipasua plastiki nikalitoa zima, nikapitisha waya wa hedifoni mara tatu ndani yake karibu na redio. Ukipitisha mara moja unapata kidogo, mara tatu unapata mara tisa, nguvu yake inapanda kwa mraba wa mizunguko. Waya wa kusokota hauingii vizuri kwa hiyo nilichofanya ni kuzungusha ule wa kiboksi, mwembamba, ukaingia. Brrr imekwisha.

Hesabu yangu ya mwisho: Sony na kiboksi nyota tano kwa nyumbani. Koss nne na nusu, hiyo nusu naikata kwa sababu ya mama watoto. Ya studio ya mpwa sauti tano, joto moja. Ile ya dhahabu mbili, nayo kwa ajili ya fundi. Eafoni za simu zimerudi kwenye simu na pini yake ya vipande vitatu, maiki haifanyi kazi tena, mama watoto akinipigia nikiwa nimezivaa namsikia yeye hanisikii mimi.

Sasa natafuta pedi za kitambaa zitakazoingia kwenye 7506, sio ngozi ya bandia, kwa hii hewa yetu naona muda wake unakuja. Mwenye kujua wapi Dar wanauza aseme, basi la kesho kutwa nina mtu anashuka.